Mlowezi, Kibanda na Gofu: Usimulizi wa Dola katika Mchezo wa Civilization IV

Utangulizi

Utendi ni utanzu uliozoea kusimulia vita, dola na ushindi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, unasimulia mapambano baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, na hadhira yake ilijua tangu mwanzo ni upande upi utakaoshinda. Swali linalostahili kuulizwa leo ni hili: hamu ya binadamu ya kusikia jinsi dola zinavyojengwa imehamia wapi baada ya utendi kukoma kuwa burudani ya barazani? Sehemu kubwa ya jibu imo katika michezo ya kompyuta ya kujenga dola kwa zamu, ambamo mchezaji hutenda, kisha husubiri wapinzani watende, mpaka mmoja atangazwe mshindi.

Makala haya yanauchunguza mchezo mmoja wa aina hiyo, Civilization IV, uliotolewa na kampuni ya Firaxis mwaka 2005. Ni mchezo wa nne katika mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier na Bruce Shelley mwaka 1991. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana sababu mahususi ya kuuteua huu badala ya mingine. Mchezaji anapoufungua, wimbo unaompokea umeimbwa kwa Kiswahili. Wimbo huo, "Baba Yetu", ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana, na mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Hata hivyo, mchezaji akiingia ndani kuitafuta dola ya Waswahili ili aiongoze, haioni. Kiswahili kimewekwa mlangoni. Wenyewe hawamo nyumbani. Pengo hilo baina ya lugha inayosikika na watu wasioonekana ndilo linaloongoza uhakiki huu.

Je, mchezo ni matini? Espen Aarseth, katika kitabu chake Cybertext cha mwaka 1997, alikwisha kuonyesha kwamba zipo matini zinazomdai msomaji juhudi zaidi ya kufungua kurasa ili zisomeke. Civilization IV ni mojawapo. Ina mandhari, ina wahusika, ina msuko wenye mwanzo, kati na mwisho, na ina itikadi. Tofauti yake na riwaya ni kwamba itikadi hiyo haisemwi na msimulizi. Imo katika kanuni. Mchezaji haambiwi kwamba kupanuka ni kuzuri. Anaachwa agundue mwenyewe kwamba asiyepanuka hushindwa.

Mlowezi na Ardhi Tupu

Mchezo unaanza mwaka 4000 K.K. Ramani yote ni giza isipokuwa duara dogo, na katikati ya duara hilo amesimama mhusika wa kwanza ambaye, kwa Kiingereza cha mchezo, anaitwa setla. Kwa Kiswahili yeye ni mlowezi. Msomaji wa Kenya hawezi kulipokea jina hili kama neno tupu la kiufundi. Linamkumbusha Nyanda za Juu za Wazungu, mashamba ya maelfu ya ekari na Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1902, ambayo ilizigawa kwa walowezi ardhi zilizohesabiwa kuwa hazina wenyewe. Katika mchezo hesabu hiyo imekamilika kabla ya mchezaji kugusa chochote. Ardhi ni tupu kwa sababu kanuni zimesema ni tupu. Mlowezi hahitaji kumwondosha mtu. Anahitaji kutafuta mto, malisho na madini, kisha ajenge.

Mbinu ya kisanaa iliyotumika hapa ni ya giza na mwanga. Nchi isiyofikiwa na mchezaji haina umbo, na inapata umbo pale tu askari wake anapoikanyaga. Fasihi ya kikoloni iliitumia jazanda hiyohiyo kwa bara la Afrika, na Edward Said, katika Culture and Imperialism cha mwaka 1993, alionyesha jinsi riwaya za Ulaya zilivyoizoesha hadhira yake kuziona nchi za mbali kama nafasi zinazosubiri kutumiwa. Mchezo umeigeuza jazanda kuwa kanuni. Msomaji wa riwaya aliweza kuitilia shaka sauti ya msimulizi. Mchezaji hana sauti ya kuitilia shaka, kwa kuwa giza linafutwa na mkono wake mwenyewe, na kila linapofutika yeye hufurahi.

Furaha hiyo isipuuzwe. Uhakiki unaouona mchezo kama propaganda tupu hauwezi kueleza kwa nini watu hukesha wakiucheza. Mwaka 1993 mwandishi Alan Emrich, akiueleza mchezo mwingine wa jamii hii, Master of Orion, aliufupisha utanzu mzima kwa vitenzi vinne: kuvumbua, kupanuka, kunyonya na kuangamiza. Ukivitazama kwa jicho la umuundo, vitenzi hivi ni hatua za msuko, kama zile alizozibainisha Vladimir Propp mwaka 1928 katika ngano za Kirusi. Kila hatua huizaa inayofuata, na taharuki haikatiki. Mchezaji hujiambia kwamba atacheza zamu moja tu kisha alale, lakini kila zamu humwachia jambo lisilokamilika. Bila shaka fanani wa ngano aliyeikatiza hadithi yake penye utamu aliijua mbinu hii zamani.

Kibanda na Mshenzi

Kauli kwamba ardhi ni tupu inakanushwa na mchezo wenyewe katika sehemu mbili. Ya kwanza ni vijiji vidogo vilivyotawanyika kwenye ramani. Askari wa mchezaji akiingia kijijini, wenyeji humpa dhahabu, au ramani, au mpiganaji, au maarifa mapya. Pengine huwa na uhasama na kumshambulia. Kwa vyovyote vile, kijiji hutoweka papo hapo. Hakina jina, hakina kiongozi, wala hakiwezi kuingiwa mara ya pili. Wajibu wake wote katika masimulizi ni kutoa kisha kufutika.

Sehemu ya pili ni washenzi. Hao huzuka katika nchi ambazo bado zimo gizani, huvamia mipaka na kupora mashamba, na wakiachwa hujenga miji. Miji hiyo hupewa majina ya watu waliokuwepo kweli duniani: Hun, Cherokee, Navajo. Yaani mataifa yenye historia, lugha na fasihi zao yamewekwa katika kundi la wasioweza kushinda, kwa sababu kanuni hazimruhusu mshenzi kushinda mchezo. Hana mfalme wa kuzungumza naye, hana mapatano, hana mwisho wake mwenyewe. Yupo ili dola ipate sababu ya kuwa na jeshi.

Hapa Kiswahili chenyewe hakiwezi kunawa mikono. Jina la mchezo likitafsiriwa huwa "Ustaarabu", na neno hilo lina asili ya kufanana na Mwarabu. Kinyume chake ni "ushenzi", neno ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara kwa muda mrefu kabla ya Mzungu kulitumia kwa wote wawili. Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili anayeushutumu mchezo kwa kuigawa dunia mafungu mawili anapaswa kukiri kwamba mgawanyo huo una msamiati tayari katika lugha yake. Kukiri huko hakuudhoofishi uhakiki, kunauimarisha. Anayelijua neno hili kwa ndani ndiye awezaye kuonyesha kazi linayoifanya.

Ulinganisho mmoja unatosha kuonyesha kinachokosekana. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipoanza kutwaa utawala wa pwani ya Mrima kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, watu walipigana chini ya viongozi kama Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hiyo Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Huo ni utendi wa kupanuka kwa dola uliotungwa kutoka ndani ya kijiji kinachoingiwa. Watu wana majina, miji ina majina, na kushindwa kuna maana kwa sababu aliyeshindwa anaendelea kusema. Civilization IV inaisimulia hadithi hiyohiyo kutoka upande wa meli, na upande wa pili haukuandikiwa mistari.

Utumwa kama Hesabu

Mchezaji akikwisha gundua ufundi wa shaba, anaweza kuchagua utumwa kuwa mfumo wa kazi wa dola yake. Kanuni yake ni nyepesi: sehemu ya wakazi wa mji, hadi nusu yao, hutolewa mhanga ili jengo au jeshi likamilike mara moja. Adhabu ipo. Kwa mwendo wa kawaida wa mchezo, mji hunung'unika kwa zamu 10, kisha husahau. Mwanzoni mwa mchezo zamu moja ni miaka 40, kwa hiyo kwa kalenda ya mchezo kinyongo kinadumu miaka 400. Kwa saa ya mchezaji ni dakika chache, na chakula kikiwa tele wakazi wapya wamekwisha zaliwa.

Waundaji wa mchezo wanastahili sifa kwa kutouficha utumwa. Katika Colonization, mchezo wa mwaka 1994 unaohusu walowezi wa Ulaya katika Amerika, mashamba ya pamba, tumbaku na miwa yapo, na Mwafrika aliyeyalima hayupo kabisa. Lakini tatizo la Civilization IV ni la aina nyingine. Utumwa umeingizwa kama bei. Hauna mtumwa. Kiswahili kinatofautisha mtwana, kijakazi na mzalia, na nyuma ya kila neno kuna nyumba, kazi na uhusiano wa watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na maneno hayo bado yanabeba kumbukumbu yake. Katika mchezo tarakimu inashuka kutoka nane hadi nne, na mchezaji hodari husifiwa kwa kujua zamu ipi inafaa kuishusha.

Aidha, ukombozi wa watumwa nao ni chaguo la hesabu. Dola moja ikiutangaza, wananchi wa dola zisizoutangaza hukosa raha, na mchezaji huwaweka huru watu wake ili asipate hasara. Inawezekana kusema kwamba hii ni picha halisi ya siasa za karne ya 19. Hata kama ni hivyo, picha hiyo inamnyima mtumwa nafasi yoyote ya kushiriki katika kujikomboa.

Utendi Uliogeuzwa Jengo

Mhakiki wa fasihi anapaswa kuuliza fasihi yenyewe imepewa nafasi gani. Jibu linashangaza kwa wingi wake. Fasihi, Tamthilia na Muziki ni miongoni mwa maarifa ambayo dola huyagundua. Hata hivyo, Fasihi haipatikani mpaka Kuandika kupatikane. Kwa kanuni hii jamii isiyoandika haina fasihi. Msimamo huo ulikwisha pingwa na wataalamu wa fasihi simulizi, na idara za fasihi za Afrika Mashariki zilipigania kuubadilisha katika mitaala yao tangu miaka ya 1960. Mchezo unaurudisha kimyakimya kama mshale baina ya visanduku viwili.

Anayekwisha kuigundua Fasihi huruhusiwa kujenga "Utendi wa Kishujaa". Ni jengo. Mji wenye jengo hilo huunda askari kwa kasi maradufu. Haujulikani utendi huo unasema nini, nani aliutunga, wala kwa bahari gani. Kwa upande mmoja hii ni tafsiri ya kijinga ya sanaa. Kwa upande mwingine inaugusa ukweli ambao wahakiki wa utendi wamekuwa wakiuzunguka: tendi nyingi zimewahi kutumiwa kuwapandisha watu mori. Kosa la mchezo ni kudhani kwamba kazi ya utendi inaishia hapo. Fumo Liyongo, shujaa wa utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, hapigwi na upanga wala mkuki ukamdhuru, lakini anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Ushujaa wake unaeleweka kwa sababu ya kitovu hicho. Kiongozi anayechezwa katika Civilization IV anaishi miaka 6,000 bila kuzeeka, bila mwana na bila msaliti wa nyumbani. Hana kitovu, kwa hiyo ana nguvu, na hana utendi.

Ushindi na Gofu

Hoja inayoweza kutolewa kuutetea mchezo ni kwamba njia za ushindi ni nyingi, na mojawapo haihitaji vita. Mchezaji anaweza kuichagua Mali ya Mansa Musa, aachane na majeshi, na ashinde kwa utamaduni. Mwafrika anayemwona Mansa Musa akikaa meza moja na Victoria na Napoleon anapata kitu ambacho vitabu vingi vya shule vilimnyima. Hoja hii ni ya kweli, na uhakiki wowote unaoidharau utakuwa umewasikiliza wachezaji nusunusu.

Lakini tuufuate ushindi huo mpaka mwisho wake. Dola hushinda kwa utamaduni pale miji yake mitatu inapofikisha pointi 50,000 kila mmoja, kwa mwendo wa kawaida. Hekalu huleta pointi, maktaba huleta pointi, dini huleta pointi. Chombo chenye nguvu kuliko vyote ni Msanii Mkuu. Akizaliwa hupewa jina la msanii mashuhuri wa historia, na mchezaji anaweza kumwamuru atoe kazi yake bora mjini. Mji hupata pointi 4,000, na msanii hutoweka. Kwa hesabu tupu, wasanii 13 wanatosha kuufikisha mji mmoja kwenye lengo. Kutoweka huko ni kule kwa kijiji cha mwanzo wa mchezo: aliyetoa alichonacho hafai tena kuwapo. Shairi lake halisomwi na mtu, halimkosoi mfalme, halimbadilishi mwananchi. Kwa hiyo kumweka Mansa Musa mahali pa Victoria kumebadilisha uso wa mtendaji tu. Sarufi ya tendo imebaki ileile, na Mali inayoshinda inashinda kwa kuzifanyia vijiji na wasanii wake yaleyale.

Dola inaposhinda, mchezaji huonyeshwa ramani ikirudia historia yote kwa rangi zinazotambaa, kisha hupimwa kwenye orodha ya watawala ambayo Augustus Caesar yuko juu na Dan Quayle, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, yuko chini kabisa. Kejeli hii inachekesha, na inafichua pia kwamba kipimo cha mwisho ni mtawala mmoja wa dola ya Rumi. Kwenye ramani hiyo rangi ya mshindi hufunika, zilizofunikwa hazielezwi.

Miji iliyoteketezwa njiani huacha alama ya magofu. Alama hiyo haina faida wala hasara yoyote, na ukulima ukipita juu yake hufutika. Hapa ndipo tofauti baina ya mchezo huu na mapokeo ya ushairi wa Kiswahili inapokuwa bayana. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, aliyatazama mahame ya Pate, mji ambao majumba yake yaliwahi kung'aa kwa taa na kaure, na akauambia moyo wake ujifunze. Gofu kwake ni kitabu. Linamfunza mwenye mali kwamba mali haidumu, na linamfunza mtawala kwamba rangi yake itafunikwa nayo. Mtunzi alikuwa mtu wa tabaka la walioujenga mji huo. Hakuandika kwa chuki ya mshindwa. Aliandika kwa sababu fasihi ilimpa mahali pa kusimama nje ya ushindi na kuuliza thamani yake. Mchezo hauna mahali hapo. Mchezaji akishinda hupewa nafasi ya kucheza zamu moja zaidi.

Ni kweli kwamba Civilization IV iliwaachia wachezaji uwezo wa kuzibadili kanuni zake, na baadhi yao walijaribu kulitibu pengo hili. Toleo la nyongeza la mwaka 2007, Beyond the Sword, lilijumuisha Rhye's and Fall of Civilization, kazi ya mchezaji aliyezipanga dola zizaliwe kwa nyakati zao za kihistoria na ziweze kusambaratika. Kazi hiyo inathibitisha kwamba wachezaji wenyewe walihisi kasoro ya historia isiyo na anguko. Hata hivyo, anguko lililoongezwa ni adhabu ya kukosa uthabiti, na mchezaji hujifunza kuliepa. Kuliepa anguko na kulitafakari ni mambo mawili.

Hitimisho

Sala inayoimbwa mlangoni mwa mchezo huu inaomba ufalme wa Mungu uje, inaomba chakula cha siku moja, na inaomba msamaha. Ndani ya mchezo ufalme ni wa mchezaji, chakula ni ziada ya kuzalisha wakazi wa kutolewa mhanga, na kosa halisamehewi bali husahauliwa baada ya zamu 10. Huenda mtunzi wa muziki aliteua maneno hayo kwa uzuri wa sauti zake, na uzuri huo haukanushiki. Lakini lugha haiachi maana yake mlangoni. Anayekijua Kiswahili huusikia wimbo ukiukosoa mchezo unaoutangulia, iwe ilikusudiwa au haikukusudiwa, na usikivu huo hana mchezaji asiyekijua.

Kinachopendekezwa na makala haya si kuwakataza wanafunzi kucheza. Civilization IV inafundisha jambo ambalo vitabu vya historia hulieleza kwa nje tu: jinsi mantiki ya dola inavyoonekana kuwa ya busara, hata ya lazima, kwa aliyeikalia kiti chake. Mwanafunzi aliyekwisha kutoa mhanga nusu ya mji kwa kubofya mara moja, na akaona ni hesabu nzuri, ana jambo la kujiuliza ambalo mhadhara hauwezi kumpa. Lakini ajiulize akiwa na Hemedi na Sayyid Abdalla mezani. Mmoja ataonyesha kwamba kijiji kilikuwa na majina kabla ya askari kuingia. Mwingine atauliza nani anayelala sasa katika kumbi za mshindi. Idara ya fasihi isiyoziweka matini hizi pamoja itawaachia wanafunzi wake waujue ujenzi wa dola kwa kanuni za mjenzi peke yake, ilhali mashairi ya kuuhukumu ujenzi huo yamekuwa rafuni kwa zaidi ya miaka mia moja.